Vipimo Sita vya Shemeji

Jumapili, 4 Machi

Dada yangu mpenzi,

Mimi mdogo wako Chiriku ni mzima, mzima kupita kiasi, na kama nina ugonjwa basi ni huu wa kucheka peke yangu dukani mpaka wateja wa miwani wanajitazama kwenye kioo, wakidhani wamevaa kichwa chini. Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie asipande ngazi kuanika nguo, na akibisha sema ni mimi niliyekataza. Na wewe, wamekuletea cherehani mpya hapo karakanani, au bado unagombana na ile kongwe inayokata uzi?

Dada, ndoa ni tamu. Najua ulinikataza kuandika hivyo kila barua, lakini nitafanyaje. Huu ni mwezi wa tatu, na mume wangu bado ananisindikiza mpaka mlangoni pa duka, halafu anasimama ng'ambo ya barabara hadi niwashe taa za makabati. Akirudi kazini ananukia raba na maji ya bwawa. Harufu hiyo nimeipenda kuliko manukato yote niliyoletewa harusini.

Sasa jambo lenyewe. Anataka nizamie naye. Unajua kazi yake ni kukagua mabomba na milango ya chini ya bwawa la maji ya mji, na huko mtu mwenye mtungi wa hewa mgongoni hapiti. Wao hubeba mitungi miwili ubavuni, mmoja chini ya kila kwapa, imening'inia kwenye mikanda waliyovaa mwilini. Mgongo wangu unaujua, kubeba mtungi siwezi, ila amesema mitungi ya ubavuni unaivalia majini na uzito huusikii. Tutaanzia kwenye shimo la zamani la kuchimbia mawe, nje ya mji. Limejaa maji safi, ya baridi.

Tunachagua mikanda. Kuna ya dukani yenye vifungo vingi, inayomtosha kila mtu na isiyomkaa mtu yeyote. Kuna iliyoshonewa kwenye kizibao, inapendeza, ila ikilowa inakuwa nzito kama godoro. Halafu kuna ya mkanda mtupu, inakatwa kwa vipimo vya mtu mmoja tu, na hiyo ndiyo anayonitakia. Nikamwambia dada yangu anawashonea mikanda ya usalama mafundi wa maghorofa, fundi mwingine wa nini? Akanibusu kwenye paji la uso, mbele ya watu.

Nijibu upesi.

Wako, Chiriku


Jumatatu, 19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Goti la Mama liko vilevile na ngazi anapanda vilevile. Cherehani ni ileile, tumeshazoeana tabia.

Mikanda ya kuzamia sijawahi kushona, lakini mkanda ni mkanda. Huku nikikosea mtu anaanguka, huko kwenu nadhani anazama. Vipimo vyako ninavyo, gauni la harusi nilikushonea mimi. Niambie tu mikanda inapita wapi na pete za kuning'inizia mitungi zinakaa wapi.

Swali moja. Kwa nini anataka uzamie? Wanaume niliowajua mimi hawakupenda mke aone wanakofanyia kazi.

Dada yako


Jumatatu, 2 Aprili

Dada wa pekee,

Hamjambo huko? Sisi hatujambo. Tumepata meza ya kulia, mguu mmoja mfupi, mume wangu akauwekea kipande cha raba ya suti yake ya zamani. Basi kila nikila nakanyagia pale mguu wangu, kama namkanyaga yeye.

Swali lako nilimsomea. Akacheka, akasema ananipeleka majini kwa sababu ni mahali pekee ambapo sitaweza kuongea. Amesema pia atakuandikia mwenyewe mambo yote ya mkanda, vipimo na kila kitu, na mimi nisijishughulishe kwa sababu ni zawadi. Situpi hata jicho kwenye bahasha yake. Nakuapia.

Mazoezi ya kupumua nimeanza, kwenye bwawa dogo la kuogelea. Ananifundisha mwenzake wa kazini, mama mnene mwenye sauti kama honi ya lori. Wote wanamwita Pipa na mwenyewe anaitika. Ndiye mshika kamba: wazamiaji wakiwa chini yeye yuko juu na kamba mkononi, na mara mojamoja naye huzamia. Aliniambia, "Wewe bibi harusi unavuta hewa kama mtu anayenusa sufuria. Vuta kama unalala." Nikacheka hadi nikanywa maji.

Msalimie Mama. Mwambie nimejua kupika bila kuunguza, mara mbili.

Chiriku


Ijumaa, 20 Aprili

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu na anauliza hiyo mara ya tatu ilikuwaje.

Barua ya shemeji imefika, ina vipimo sita. Ameniomba nisikuonyeshe, na mimi nikipewa siri naishika. Anataka pia nibakize kiganja kizima cha mkanda kila ncha, kwa ajili ya kurekebisha.

Nina maswali, uyajibu bila kucheka. Je, umenenepa? Mwanamke anayezamia na shemeji ni huyo Pipa peke yake, au yuko mwingine? Na siku anazozamia na Pipa, anarudi nyumbani saa ngapi?

Sijasema kitu. Nauliza tu.

Dada yako


Jumanne, 1 Mei

Dada,

Natumaini mko salama. Nilipanga kukununia siku tatu, nikaweza moja.

Sijanenepa. Gauni la harusi nimelijaribu kwa ajili yako, zipu imepanda kwa mkono mmoja. Mwanamke mwingine hayupo, ni Pipa tu. Siku hizo anarudi saa kumi na moja kama siku nyingine zote, na akichelewa huwa ameniletea kitu: ua, embe, siku moja jiwe jeupe alilolikuta chini ya maji.

Lakini umeniharibia. Jumamosi Pipa alipita nyumbani kuchukua tochi, nami nikamtazama kiuno badala ya uso. Akaniuliza mbona nimekunja macho. Nikasema ni jua. Tulikuwa sebuleni.

Halafu jana, kabla ya kufua, nikapekua mifuko ya shati la mume wangu. Sijawahi kupekua mifuko yake. Nikatoa karatasi yenye mwandiko wake: kifua 99, kiuno 85, na namba nyingine nne. Kiuno changu, Dada, hakijawahi kuvuka 68, wewe ndiye shahidi. Karatasi nikairudisha mfukoni na shati nikalitundika bila kulifua. Leo asubuhi amelivaa, akaninusisha bega na kunishukuru kwamba linanukia vizuri.

Ndizo namba alizokutumia? Jibu ndiyo au hapana. Nampenda mpaka naona haya kuandika. Lakini kama ndoa yangu ina mtu wa tatu, nataka nijue kabla sijaingia naye majini.

Chiriku


Jumamosi, 12 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Mama sikumwambia.

Niliahidi siri, kwa hiyo sisemi ndiyo na sisemi hapana. Kifurushi kinakuja pamoja na barua hii. Kifungueni wote wawili, na wewe mtazame yeye, usitazame mkanda. Akisema haufai, akitaka kuurudisha, akinuna, niandikie siku hiyohiyo.

Kila panapobeba uzito nimepitisha mshono mara tatu. Kwa upande wa uzi usiwe na wasiwasi.

Dada yako


Ijumaa, 25 Mei

Dada yangu, dada yangu, dada yangu,

Nikuulize hali baadaye, kwanza nipumue. Ni wangu. Mkanda ni wangu.

Tuliufungua pamoja kama ulivyoagiza. Nilimkodolea macho mpaka akauliza ana nini usoni. Hakununa. Hakutaja kuurudisha. Aliupapasa mshono wako kama mtu anayesoma gizani, akasema umesahau kubakiza zile ncha, lakini mshono kama huu hajauona hata kwenye vifaa vya kazini. Halafu akaitwa bwawani, mlango mmoja umekwama. Mimi nikabaki nao.

Nikauvaa peke yangu mbele ya kioo, juu ya shati. Umenishika mabegani, umenizunguka kifua, umekaa kiunoni kama mkono wake. Hauna hata kidole cha ziada. Pipa? Huu hata begani kwake haupiti. Niliketi kitandani nikalia, kisha nikacheka, kisha nikafua yale mashati yake yote, hata yaliyokuwa safi.

Sijui ile karatasi ilikuwa ya nini na sitaki tena kujua. Wiki ijayo, Jumamosi, tunakwenda kule shimoni. Haya, sasa hali yako? Na goti?

Chiriku wako mwenye furaha


Jumatano, 20 Juni

Mdogo wangu,

Huku salama. Goti limepoa kidogo.

Kama aliupokea mkanda ule bila neno, basi huenda nilimkosea. Nimesema huenda. Jumamosi yenu imepita karibu wiki tatu sasa na sijapata hata mstari. Wewe ambaye ukipata meza yenye mguu mfupi unaandika ukurasa mzima.

Andika.

Dada


Jumatano, 11 Julai

Chiriku,

Mama anauliza kila siku na mimi nimeishiwa uongo. Kama mmegombana, niambie. Kama amekukataza kuniandikia, niandikie kutoka dukani.

Dada


Jumatano, 18 Julai

Dada,

Shikamoo. Mama mwambie nilikuwa na kazi nyingi dukani, tumepokea miwani mipya. Asijue yatakayofuata.

Nilikuwa hospitali siku nne, kisha nyumbani kitandani. Sasa natembea. Mbavu bado zinauma nikipiga chafya.

Ilikuwa hivi. Maji ya shimo lile ni baridi, kwa hiyo mtu huvaa suti nene isiyopitisha maji, na ndani yake sweta mbili. Ukiivaa unakuwa kama mto. Mikanda inakuja juu ya yote hayo. Tulishuka tumeshikana mikono, Dada, na maji ni ya kijani mwanzo halafu bluu, na nilimwona akinitazama kupitia kioo chake, nikajua hakuna mwanamke duniani mwenye bahati kama yangu. Kufika kama mita tisa suti ilianza kunibana. Akaniashiria niingize hewa kidogo kwenye suti, ndivyo inavyofanywa. Nikaingiza. Kifua kikakataa kupanuka. Hewa ilikuwa tele mdomoni, lakini haikuwa na pa kuingia. Nikarusha mikono, nikatema kipumulio, nikanywa maji. Yeye akachomoa kisu akakata mkanda wa kifua, mshono wako ukamchukua muda. Juu Pipa alikuwa amekwisha kuvuta kamba. Ndiye aliyetuendesha mpaka hospitali, honi mwanzo hadi mwisho, na siku zote nne alikuja na nguo safi.

Mume wangu hanisindikizi tena dukani. Anasema mikono yake si ya kuaminiwa. Kumbe vipimo alinichukua mwezi wa tatu, siku aliponijaribisha suti kwenye stoo ya vifaa. Alinizungushia kamba, nami nikadhani ananichezea. Alinipima juu ya suti, Dada, kwa sababu mkanda wa kuzamia haupimwi juu ya ngozi. Anaamini alinipima kabla sijavaa sweta la pili, kwamba alikuandikia namba ndogo. Karatasi alishaitupa, hana pa kuangalia. Kazini ameomba asimvalishe tena mtu yeyote vifaa, na wiki hii anaandika barua ya kuacha kazi. Kazi aliyoifanya miaka kumi na mmoja.

Lakini mimi namba nazikumbuka. Kifua 99, kiuno 85. Jana, akiwa ametoka, nilitoa vipande vya mkanda uvunguni nikaviunganisha juu ya meza na kuvipima. Havikutoka kwenye namba zile. Sijamwambia, maana nitaanzaje bila kusema nilimpekua?

Dada, ulikata kwa vipimo vipi?

Mdogo wako


Jumatatu, 30 Julai

Mdogo wangu,

Nilikata kwa vipimo vya gauni.

Sikujua habari ya suti. Nilifungua barua ya mume wako nikaona mwili usio wako, na neno "siri" chini yake, na sikuhitaji zaidi. Nikajiambia: nitashona ule wa mdogo wangu. Kama ni wake, utamkaa. Kama ni wa mwingine, huyo bwana atakuja juu kudai umekuwa mdogo, na hapo nitakuwa nimemkamata. Zile ncha sikuzisahau. Nilizikata ili asiwe na namna ya kuupanua kimyakimya.

Uliambiwa shemeji yako wa kwanza, mume wangu, alihamishwa kikazi. Ulikuwa shuleni, na Mama alitaka umalize mitihani. Hakuhamishwa. Niliikuta karatasi ya vipimo kwenye shati lake nikifua. Blauzi, sketi, urefu wa mkono. Nikamwuliza ni ya nani, akasema ni ya dada wa rafiki yake, na mimi fundi mzima nikakubali kuishona. Nikaishona vizuri, Chiriku. Niliiona imevaliwa mwezi mmoja baadaye, na ilimkaa.

Hiyo si sababu ya kukukosesha hewa. Naandika ili ujue mkono wangu ulikuwa unamkata nani.

Mwambie mumeo asiache kazi. Mwonyeshe barua hii. Niko tayari kwa lolote atakalosema.

Dada


Jumamosi, 25 Agosti

Dada,

Barua yako ilikaa kwenye droo ya duka wiki mbili, chini ya vitambaa vya kufutia miwani. Nilisoma nikakuchukia. Nikasoma tena, nikaja kwenye neno moja unalostahili kuambiwa, kwa sababu umebeba peke yako mzigo ambao nusu yake ni yangu.

Mkanda ulinibana tangu tukiwa juu, nje ya maji. Pale ukingoni, kabla hata ya kulowa, nilipofunga mkanda wa kifua nilisikia mbavu zikigusana. Mume wangu alikuja kukagua kama anavyomkagua kila mtu: alipitisha vidole viwili chini ya mkanda, vikipita basi uko sawa. Nikatoa pumzi yote iliyokuwa kifuani ili vidole vyake vipite. Akaniuliza, "Haukubani?" Nikamwambia haunibani hata kidogo, nikatabasamu. Pipa alikuwa amesimama pale na kamba yake, na mimi kila mkanda ulivyonikaza ndivyo nilivyozidi kufurahi, kwa sababu mkanda unaonikaza mimi hauwezi kuwa wa yule. Nilikuwa radhi nisipumue, mradi nishinde. Na nilikuwa nashindana na mtu aliyekuja kunivuta.

Jumapili iliyopita nilimkalisha mume wangu mezani. Barua yake ya kuacha kazi ilikuwa tayari ndani ya bahasha. Nikamwambia yote kwa mpangilio: mfuko wa shati, karatasi, kiuno cha Pipa, vidole viwili. Halafu nikamsomea barua yako, bila kuruka mstari. Nilipomaliza aliichukua barua yako akaikunja upya, nikafikiri sasa anatafuta maneno ya kuniambia nirudi kwa Mama.

Akauliza, "Kwa hiyo vipimo vyangu vilikuwa sahihi?"

Nikasema vyote sita.

Akauliza tena, kama hakusikia. Nikazitaja namba moja moja, nazijua kwa kichwa. Kila niliyoitaja aliitikia kwa kichwa, kama mwalimu. Kisha akalaza uso mezani, juu ya mikono yake, na mabega yakatikisika, na sikumgusa mpaka alipoinuka. Ile bahasha aliichana kabla ya kwenda kulala. Jumatatu alirudi bwawani, na jana Pipa aliniambia ameanza tena kuwavalisha wenzake.

Usidhani tumeishi raha mustarehe. Ananitazama. Nikimwambia nimeshiba, anatazama sahani. Nikimwambia sijachoka, anasubiri nirudie. Jana nilitundika shati lake, nikamwona akipapasa mfuko, akaona nimemwona, akaacha. Mapenzi ninayo mengi kuliko mwezi wa tatu, Dada, lakini siku hizi yanagonga hodi kwanza.

Kuhusu wewe hajasema kitu. Si kizuri, si kibaya. Nikitaja jina lako anatoka chumbani.

Mkanda tumechagua. Ni ule wa dukani, wenye vifungo vingi. Una vifungo tisa na kila kimoja naweza kukilegeza kwa mkono wangu mwenyewe hata nikiwa na glavu. Haunipendezi, unanining'inia kama mkoba wa mtu mwingine. Nilipouvaa juu ya suti mume wangu alipitisha vidole, akauliza kama unanibana, na nikamwambia ukweli: kidogo, hapa kushoto. Akalegeza. Tulikaa majini dakika kumi na mbili.

Mama ameandika kwamba unataka kuja. Njoo. Mume wangu atakufungulia mlango, zaidi ya hapo sikuahidi. Kuna kitanda, na meza bado ina mguu mmoja mfupi. Ila tepu yako iache huko. Na nikikukumbatia pale mlangoni, Dada, nikumbatie tu, usinipime.

Chiriku